Sanduku la Msafiri: Namugongo, Rwenzori na Kampala kwa safari moja

Kila ikikaribia Juni barua za Uganda huwa nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote. Tumechagua sita. Wanaouliza wanataka mambo tofauti, lakini majibu yote yanategemea kalenda: tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda inayofanyika Namugongo, pembeni mwa Kampala, ndiyo inayoamua utalala wapi, utapita barabara gani na mlima utaupanda siku ipi.

Sisi ni wanajumuiya 27 wa parokia moja hapa Bukoba. Tumepanga kukodi Coaster, tuondoke usiku wa tarehe 2, tusali Namugongo tarehe 3 na kurudi usiku uleule. Mwenyekiti anasema inawezekana kwa kuwa ni karibu. Mnasemaje? – Katibu wa jumuiya, Bukoba

Katibu, mwenyekiti wako yuko sahihi kwenye ramani tu. Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80, Mutukula hadi Masaka kama 90, na Masaka hadi Kampala 130 hivi. Siku ya kawaida ni safari ya saa saba au nane pamoja na mpaka. Usiku wa tarehe 2 Juni si siku ya kawaida: mabasi ya mahujaji hupanga foleni Mutukula, na kila abiria lazima ashuke na agongewe muhuri yeye mwenyewe. Vukeni tarehe 1, asubuhi.

Msiingie katikati ya jiji. Mkitoka Masaka mtafika Busega, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya mchepuko wa kaskazini, inayozunguka Kampala hadi Bweyogerere. Ifuateni mpaka Naalya, kisha mkate kwenda Kyaliwajjala. Dereva asiyeijua njia hii atapita Natete na kupoteza saa mbili kwenye foleni, abiria wakimwimbia nyimbo za Bikira Maria.

Tarehe 3 yenyewe polisi hufunga barabara zinazokaribia madhabahu. Coaster itabaki mbali, na mwendo wa mwisho ni wa miguu kwa kila mtu, mzee na kijana. Kwenye malango kuna ukaguzi wa mwili na mizigo, na foleni yake huanza kabla ya jua kuchomoza. Misa kuu huwa saa nne asubuhi. Anayefika saa tatu na nusu ataisikiliza kwenye vipaza sauti akiwa nje ya uzio.

Kuna kulala uwanjani pia. Maelfu hufika siku kadhaa mapema kwa ajili ya novena (sala za siku tisa) na kulala kwenye mikeka. Hilo linawezekana kwa kundi lenu, lakini kila mtu awe na mkeka, blanketi (Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni una baridi ya kweli), karatasi ya nailoni ya kutandika chini, na tochi. Wazee wenye presha au kisukari watafutieni vyumba Kira au Bweyogerere tangu Aprili. Vyumba vya karibu huisha mapema.

Kinachoharibu safari za makundi ni kupotezana. Mtandao wa simu huzidiwa watu wakijaa, hivyo ujumbe wa saa tano unaweza kukufikia saa tisa. Chagueni mahali pa kukutania nje kabisa ya eneo la ibada, kwa mfano kituo kimoja cha mafuta pale Kyaliwajjala, na saa moja tu ya kukutana. Msiseme "tukutane getini", maana mageti ni mengi na madhabahu ni mbili, ya Wakatoliki na ya Waanglikana, kila moja na umati wake. Kitenge cha sare kinasaidia, ila vikundi vingine navyo vimevaa sare. Kitambaa cha rangi kali kilichofungwa kwenye kijiti kirefu huonekana kuliko vyote.

Kuhusu maji ya ziwa dogo lililo mbele ya basilika: wengi huchota na kuyabeba nyumbani kwa madumu. Chukueni chombo chenye kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu kile cha kubonyeza hufunguka ndani ya begi. Na msiyanywe bila kuyachemsha. Imani haiui vijidudu vya tumbo.

Mrudi tarehe 4 mchana. Na kabla ya yote hayo, hakikisheni mwenye gari ana kadi halisi ya gari, kibali cha kubeba abiria nje ya nchi, na bima ya COMESA, ile inayoitwa kadi ya njano ya gari. Bima ya ndani ya Tanzania haitambuliki upande wa pili.

Mimi si Mkatoliki ila napenda historia. Nikienda Namugongo nitaona nini, na kuna tofauti gani kati ya madhabahu hizo mbili? – Mwalimu wa sekondari, Dodoma

Mwalimu, kwako ushauri ni mfupi: usiende tarehe 3 Juni. Siku hiyo ni ya kusali, na ukitaka kutazama utaona migongo ya watu. Nenda Jumanne au Jumatano yoyote ya mwezi mwingine, asubuhi, utembee bila kusukumwa.

Kati ya 1885 na 1887 Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga II aliamuru kuuawa kwa Wakristo wengi, na wanaotambulika kwa majina ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi walikuwa vijana wa kazi wa ikulu. Tarehe 3 Juni 1886, iliyokuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, kundi kubwa liliuawa Namugongo, wakiwemo Charles Lwanga na Wakatoliki wenzake 12. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa taratibu ulioanzia miguuni. Mahali hapo ndipo ilipo altari ya basilika ya leo.

Basilika hiyo ilizinduliwa 1975. Imebuniwa kwa umbo la msonge wa Kiganda, na nguzo 22 za shaba zinazoshuka kutoka paani hadi chini zinawakilisha wale 22. Zihesabu ukiwa nje, ukizunguka kwa mkono wa kushoto, kisha ingia. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Papa Fransisko alisali Misa hapa tarehe 28 Novemba 2015.

Upande wa Waanglikana uko mwendo mfupi kutoka hapo, na kwa mtu wa historia ndio wenye maelezo mengi zaidi. Ndipo kundi kubwa lilipochomewa. Kuna makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa binadamu zinazoonyesha jinsi mahabusu walivyofungwa, kuteswa na kuviringishwa ndani ya matete kabla ya moto. Zimetengenezwa bila kuficha kitu. Mtoto wa chini ya miaka kumi mwache nje.

Ukiwa na siku ya pili, anzia Munyonyo, kusini mwa jiji kando ya Ziwa Victoria. Mwanga alitoa hukumu pale mwishoni mwa Mei 1886, na mahabusu wakatembezwa kutoka huko hadi Namugongo. Ukiziona sehemu hizi kwa mpangilio huo, Munyonyo kwanza, habari yote inaeleweka yenyewe. Wenye magari ya kukodi hupenda kuanza na Namugongo kwa sababu inajulikana, wewe shikilia.

Na kwa msomaji wa Tanzania kuna uzi mwingine. Padri Lourdel na Bruda Amans wa Shirika la White Fathers walifika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879 kwa mtumbwi, wakitokea pwani ya kusini ya ziwa, upande wa Mwanza. Mnara wa kumbukumbu upo Kigungu, karibu na uwanja wa ndege. Ukisafiri kwa ndege, utenge saa moja.

Je, kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda? Na ile chanjo? – Kijana wa Tarime

Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya safari ya dharura kutoka Uhamiaji. Viza hakuna kwa mwananchi wa Afrika Mashariki. Chanjo ya homa ya manjano inatakiwa, na lazima uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Ukiwa umeshachanjwa zamani, kadi yako inatosha maisha yako yote hata kama iliandikwa miaka kumi. Ipige picha, ila beba kadi yenyewe.

Nafanya kazi ya upagazi Kilimanjaro na nimefika Uhuru mara nyingi. Rafiki yangu wa Kampala ananialika Rwenzori baada ya Namugongo. Kuna kitu cha kuniogopesha mtu kama mimi? – Mpagazi, Moshi

Kaka, mapafu yako hayatakuwa na shida. Shida itakuwa miguu, na maji.

Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, kina mita 5,109, karibu 800 chini ya Uhuru. Lakini Kilimanjaro ni volkano moja yenye njia kavu kwa sehemu kubwa. Rwenzori ni safu ya milima sita iliyoinuliwa na nguvu za ardhi, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na mabonde yaliyo katikati yake hayakauki. Bonde la Bigo ni kinamasi. Zimewekwa njia za mbao, lakini hazifiki kila mahali, na kwingine unaruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine. Kishungi kikiyumba, mguu unazama hadi gotini, na hapo ndipo vifundo vinapoteguka.

Kwa hiyo kiatu chako cha ngozi kibaki begini hadi kwenye kibanda cha mwisho. Rwenzori inatembewa kwa gambuti. Chagua iliyozidi namba moja, uvae soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu nzito. Gambuti inayokubana itakutoa malengelenge siku ya kwanza, na iliyozidi namba mbili itabaki kwenye tope wewe ukiendelea mbele. Soksi jozi sita si nyingi. Zilizolowa hazikauki kule juu, na kuziweka karibu na jiko huishia kuziunguza. Begi la kulalia lifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukiukunja mdomo na kuufunga peke yake.

Njia kuu ni mbili. Ya zamani huanzia Nyakalengija, kama mita 1,650, huzunguka mlima na kurudi palepale kwa siku saba. Ya pili hupandia Kilembe, nayo huchukua siku saba au nane. Zote hufikiwa kupitia mji wa Kasese. Ukipita Nyakalengija, usiku wa kwanza ni Nyabitaba, karibu mita 2,650. Wa pili John Matte. Wa tatu Bujuku. Wa nne Elena, mita 4,540 hivi, juu ya mwamba mtupu. Kutoka Elena mnaondoka saa nane au tisa usiku.

Hapa ndipo mtu wa Kilimanjaro hushangaa. Uhuru unafika bila kugusa barafu. Margherita lazima ukanyage barafu kwa meno ya chuma yaliyofungwa kwenye kiatu, ushike shoka la barafu, na mfungwe kamba moja na wenzako. Jaribu vifaa hivyo ukiwa bado Kasese: je, meno yanakaa kwenye kiatu chako bila kucheza? Kiatu laini hujikunja na meno huchomoka katikati ya mteremko. Barafu yenyewe imepungua sana tangu Mtawala wa Abruzzi, mpanda milima wa Kiitalia, alipofika kileleni 1906. Zaidi ya robo tatu ya eneo lake imeshayeyuka, mianya mipya hufunguka, na njia ya mwaka jana si lazima iwe ya mwaka huu. Waongozaji wakisema leo hatupandi, usibishane nao. Wengi wao ni Wakonzo, wenyeji wa mlima, ambao tangu mababu wanaamini vilele ni makao ya mungu wao, Kitasamba. Wanaojua kusoma mawingu ya pale ni wao.

Juni hadi Agosti ni moja ya vipindi viwili vyenye mvua kidogo, kingine ni katikati ya Desemba hadi Februari, kwa hiyo kupanda baada ya Namugongo ni mpango mzuri. Ila mvua kidogo ya Rwenzori bado ni mvua. Panga hivi: tarehe 4 pumzika Kampala, kwa kuwa mabasi yote yamejaa mahujaji wanaorudi, tarehe 5 safiri Kasese, saa sita hadi nane kwa basi la asubuhi kupitia Fort Portal, tarehe 6 anza kupanda. Beba pasipoti, kwa sababu mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kiwango chake, kilicho chini sana ya cha mgeni wa mbali, na bila uthibitisho hupewi.

Ukiwa na siku chache, kuna mzunguko wa Ziwa Mahoma wa siku mbili au tatu. Hufiki kwenye barafu, lakini msitu wa mianzi na miti mirefu kama nguzo za simu utaviona.

Nampeleka mama Namugongo, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Anataka kuona milima pia kabla hatujarudi nyumbani. Tupite wapi? – Binti wa Eldoret

Dada, mlima wenu uko njiani mnaporudi. Kutoka Kampala pandeni basi la Mbale, kama kilomita 245 kupitia Jinja na Iganga, kisha gari la kukodi hadi Sipi, kwenye mabega ya Mlima Elgon. Maporomoko ya Sipi ni matatu, na lile la chini, lenye urefu wa karibu mita 100, mama atalitazama kutoka kwenye kiti cha hoteli akinywa chai. Matembezi ya kuyafikia yote matatu huchukua saa tatu au nne na yana ngazi za udongo zenye utelezi. Yeye asiende. Badala yake ombeni wenyeji wa kahawa wamwonyeshe kazi yao: kumenya, kukaanga juu ya moto wa kuni, kutwanga kwenye kinu, kunywa. Hiyo anaifanya ameketi. Usiku kuna baridi, abebe sweta nzito.

Sipi mkiondoka asubuhi, Malaba mtafika mchana kupitia Mbale na Tororo.

Njiani kutoka Kampala, baada ya Mukono, basi litasimama Namawojjolo. Wauzaji waliovaa makoti yenye namba watajaa madirishani na mishikaki, mapaja ya kuku na gonja, yaani ndizi mbivu za kuchoma. Gonja ichukueni bila wasiwasi. Kuku mchagueni aliye bado na mvuke, na chenji ipokeeni kabla ya kutoa noti kubwa, kwa sababu dereva haagi anapoondoka.

Nitakuwa Kampala siku mbili na dada yangu. Sisi ni Waislamu, mahujaji hatumo, ila tunataka mji wenyewe: misikiti, masoko, chakula. Tuanzie wapi? – Bi mdogo wa Unguja

Anzieni kilima cha Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa ambao kila mtu anauita wa Gaddafi. Ulianzishwa enzi za Idi Amin na kumaliziwa kwa fedha za Libya miaka ya 2000. Mnara wake una ngazi 304, na juu utaona kwa nini mji huu unaitwa wa vilima: kanisa kuu la Rubaga kwenye kilima chake, la Namirembe kwenye chake, na stendi kuu ya daladala ikichemka pale chini. Nendeni saa mbili asubuhi kabla ya ukungu wa moshi. Ijumaa mchana wageni hawatembezwi.

Kisha Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka wanne: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Jengo kuu la nyasi liliteketea tarehe 16 Machi 2010 na limejengwa upya. Mwaka 2023 UNESCO iliuondoa urithi huu kwenye orodha ya ulio hatarini. Mwanga aliyeamuru mauaji ya Namugongo amezikwa hapa kwa heshima zote, na soko kubwa la jiji, Owino, jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, mmoja wa aliowaua. Waganda wanaishi na yote mawili bila kelele. Mwanamke huingia Kasubi kwa sketi ndefu au kanga, na viatu huvuliwa, hivyo kwenu haina ugumu.

Owino ingieni asubuhi na mtoke kabla ya saa kumi. Pochi zivaeni mbele, simu isitoke. Mitumba mizuri iko ndani, ya pembeni imeshachambuliwa. Kiswahili kinaeleweka sokoni na stendi, lakini anza na "Oli otya, ssebo" au "nnyabo" kwa mwanamke, halafu endelea kwa Kiswahili, na bei ya kwanza itakuwa na adabu zaidi.

Chakula cha halali ni rahisi kupata, hasa Old Kampala yenyewe. Msikose luwombo ya kuku, iliyopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, na matoke yenye mchuzi wa karanga. Jioni, rolex ya barabarani: mayai mawili ya kukaanga na kabeji na nyanya, yakakunjwa ndani ya chapati. Subiri ikaangwe mbele yako.

Usafiri: ukiuliza teksi utaonyeshwa daladala. Gari la peke yenu linaitwa special hire. Bodaboda patana kabla ya kupanda, au tumia programu ya simu inayotoa bei na kofia ya kinga. Dereva asiye na kofia ya abiria mwacheni.

Pesa badilisheni kwenye maduka ya fedha ya Kampala Road mkiwa na pasipoti, na ombeni noti za 5,000 na 10,000, kwa sababu noti ya 50,000 kwa rolex moja itamfanya muuzaji azunguke mtaa mzima kutafuta chenji. Wanaobadilisha pesa mkononi mpakani huhesabu haraka na kukunja noti katikati ili moja ionekane mbili. Kama lazima ubadilishe kwao, hesabu mwenyewe, noti moja moja, kabla hujamkabidhi zako.